Sahani Haiguswi Kabla ya Jumamosi

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo, na haikupata siku nyingine ya kuja ila Jumamosi. Wageni wa kaka walikuwa wameshakaa, piano imeanza kulia kwenye gramafoni, mara bati likaanza kupokea matone, kwanza machache, halafu yote kwa pamoja. Chini ya bati letu hili, mvua ikikolea mtu anaweza kukuita ukadhani anakutukana. Mwalimu akasimama akaitazama dari kwa jicho lile la kumtoa mtoto nje ya darasa. Haikusaidia. Wakasubiri, wakanywa chai. Chai niliichemsha mimi, naandika ili ijulikane.

Wao ni wanne. Kaka yangu, ambaye alikuwa mchapaji kiwandani mpaka alipostaafu. Mwalimu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na mpaka leo anaongea kama ubao uko nyuma yake. Mkunga, ambaye bado anazalisha ingawa magoti yanamuuma. Na Kinyozi, mdogo wao kwa umri, mcheshi. Kila Jumamosi alasiri wanajaa sebuleni kwetu na santuri zao kwapani. Wanachagua kipande kimoja cha muziki, wanakisikiliza kikipigwa na watu wawili au watatu tofauti, kisha wanabishana nani kakipiga ipasavyo. Hiyo ndiyo starehe yao, wala hawanywi kitu zaidi ya chai yangu. Kaka hutoa uamuzi wa mwisho, ndiyo maana wanamwita Jaji. Mimi nilihamia hapa nilipofiwa na mume wangu, nikaikuta kelele hii imeshaota mizizi.

Leo kuna habari. Binti wa Mkunga aliye ng'ambo ameipata ile santuri. Mimi si mtu wa santuri, lakini hii hata mimi naijua, maana imetajwa mbele yangu mpaka nimeiota. Kulikuwa na mwanamke mmoja mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, marehemu sasa, wao humwita Bibi tu. Alikirekodi kipande kimoja mara mbili, mara ya kwanza akiwa binti, mara ya pili uzeeni, karibu na kufa kwake. Ile ya ujana kaka anayo, imekwaruzika kwa kupigwa. Ya uzee zilitolewa nakala chache mno, na hata kwenye simu haimo, Kinyozi ameitafuta mpaka kidole kimeota sugu. Kaka ameiwinda tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Anataka kujua jambo moja tu: je, Bibi alibadilika?

Binti ameituma kwa posta. Kaka alifurahi mpaka akanisaidia kuosha vikombe.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Nimeanua nguo mbichi nikazianika jikoni.

Jumatano, 6 Machi

Kaka ameshikwa na ugonjwa wa kuongeza sauti. Nashona sare barazani, na vioo vya kabati la sebuleni vinatetemeka. Jirani ana mtoto mchanga, ameshanitolea macho mara mbili. Nikaingia nikamwambia, "Kaka, punguza bwana, kuna mtoto pale." Akaniangalia kwa upole akasema, "Haya, naja." Nikamuuliza anakuja wapi. Akasema, "Si umeniita mezani?"

Nilinuna mpaka jioni. Nilidhani ananifanyia kejeli.

Jumamosi, 9 Machi

Nitajaribu kuandika polepole.

Leo walikuwa na kipande cha fidla na okestra, kaka santuri yake, Mwalimu yake. Mkunga aliingia akanisalimia, "Wifi, hujambo?" Hunitania hivyo mbele za watu, ati siku moja atakubali kuolewa na kaka ili apate kuzimiliki santuri. Kaka kwa kawaida hujifanya hasikii.

Walimaliza ya Mwalimu, wakaweka ya kaka. Haikufika mbali, mvua ikashuka. Si mvua ya utani, ilikuwa ile inayofunga njia. Sikusikia fidla, sikusikia okestra, nilimwona Kinyozi akifungua mdomo na sikusikia alichosema. Wote watatu wakanyanyua mikono kwa kukata tamaa, Mwalimu akaiendea sinia. Ndipo nikamtazama kaka.

Alikuwa kitini kwake, macho kafumba, kichwa kakiinamisha kidogo kulia, na mkono wake unaongoza okestra kama afanyavyo siku zote. Haukusita mvua ilipokuja. Uliendelea taratibu, ukapanda, ukashuka, vidole vikatetemeka mahali ambapo nadhani fidla hutetemeka. Wenzake walikuwa wamempa mgongo, wanagombea vitumbua. Mimi peke yangu ndiye niliyesimama pale mlangoni na birika.

Mvua ilipopungua sahani ya santuri ilikuwa imeshafika mwisho. Kaka akafumbua macho akasema kwa sauti kubwa, "Mmeona? Yule wa Mwalimu anakimbizwa na nani? Huyu wangu kaituliza. Uamuzi umetoka."

Wakacheka. Kinyozi akasema, "Jaji ana masikio ya popo, kasikia hata ndani ya mvua!" Mwalimu akapinga, kama kawaida yake, akisema uamuzi si halali kwa kuwa ushahidi haukusikika. Wakaondoka wakibishana mpaka getini.

Mimi sikucheka. Kaka hakuwa amesikia ndani ya mvua. Kaka hakuisikia mvua.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nilisimama nyuma ya kiti chake nikamwita. Nikamwita tena. Nikamwambia nyumba inaungua. Akafunua ukurasa wa gazeti.

Nilipozunguka mbele akaniona uso, akajua. Akaweka gazeti chini. "Tangu lini umegundua?" Nikamwambia jana. Akasema sikio la kushoto lilikufa mwaka jana, la kulia linafifia taratibu, na kama nitakaa upande wa kulia na kuongea bila haraka tutaelewana. Nikamuuliza jana alisikia nini basi. Akasema, "Naijua yote ile. Nikiiona sindano inashuka, inaanza yenyewe humu," akajigusa kipaji cha uso.

Nikalia. Yeye hakulia, alinikanya. Akanitaka niape kwamba sitawaambia wenzake. "Nikiwaambia watakuja kumwona mgonjwa. Wataleta matunda. Sitaki matunda, nataka waje kunibishia." Nikaapa, shingo upande.

Jumatano, 13 Machi

Tulikwenda kwa daktari wa masikio. Kijana mpole, anaongea akimtazama kaka usoni, jambo nililolipenda. Anasema ni mitambo ya kiwandani, ile miaka yote ya kusimama kando ya chuma kinachogonga. Kilichokufa humo ndani hakirudi. Kuna kifaa cha kuvaa, kitamsaidia kidogo kwenye maongezi. Kaka akauliza habari za muziki. Daktari akayaondoa macho usoni kwake, akasema muziki kifaa hakitaurudisha. Kaka akauliza tena, sikio la kulia litadumu mpaka lini. Daktari akasema, "Mzee wangu, linaweza kwenda hivihivi muda mrefu, linaweza pia kukuaga asubuhi moja."

Tukarudi kwetu. Kaka akiwa anatafuta funguo akasema, "Posta wana uvivu siku hizi."

Jumamosi, 16 Machi

Walikuja. Nilimweka Mkunga upande wa kulia wa kaka, na Mwalimu nikamtengea kiti cha kushoto, maana yeye hata asiposikiwa haachi kusema.

Jumanne, 19 Machi

Amekijaribu kile kifaa. Anasema mimi nasikika kama mtu aliye ndani ya debe, na piano kama vijiko vikimwagwa. Amekitia kwenye droo.

Jumamosi, 23 Machi

Leo Kinyozi aliuliza, santuri ya Bibi ikifika, kuna ubaya gani Jaji akaionja kidogo kabla yao? Mwalimu akacheka kicheko cha pembeni. Akasema, "Muulize Jaji mwenyewe habari za sheria."

Nikaelezwa. Zamani, kabla sijahamia hapa, Mwalimu alipata santuri mpya akaisikiliza peke yake juma zima. Jumamosi akaja na hoja zimepangwa kwenye karatasi, akawamaliza wote. Kaka alipogundua alimwaibisha mbele ya wenzake, akamwambia mtu anayekula kabla ya wenziwe si rafiki, ni mlafi. Hawakusemeshana mpaka misimu miwili ya mvua ikapita. Waliporudiana ikawekwa sheria: sahani mpya haiguswi kabla ya Jumamosi, na wote wawepo. Kaka ndiye aliyeitunga.

"Na haijavunjwa tangu siku hiyo," akasema Mwalimu kwa kujivuna, kana kwamba hakuwa yeye mkosaji. Huyu mzee nampenda kama kokoto ndani ya wali.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Posta hakuna kitu.

Jumatano, 3 Aprili

Posta hakuna kitu. Kila asubuhi sasa kaka hujipima. Anaweka ile santuri ya Bibi ya ujana, anapiga magoti mbele ya spika na kulibandika sikio la kulia kwenye kitambaa chake. Akinyanyuka namtazama usoni kabla hajasema. Leo akasema, "Yupo. Yuko mbali, lakini yupo." Naye akaenda kunyoa ndevu akiwa amechangamka.

Nimegundua nami nasubiri. Nashona huku nimetega sikio. Kuna mahali Bibi anateremka chini kabisa, kwenye ule uzi mnene, na kila akifika hapo mguu wangu unasimama juu ya pedali ya cherehani bila kuutuma.

Jumatatu, 8 Aprili

Imefika! Mtu wa posta aliileta imefungwa kwa nailoni kama kitoto. Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Kwenye jalada kuna picha ya Bibi, mwembamba, nywele nyeupe, selo imemwegemea bega. Kaka akaiweka juu ya kabati, akafuta mikono kwenye suruali.

Nikamwambia, kwa upande wa kulia, polepole, "Iweke sasa hivi."

"Jumamosi."

"Kaka, umesikia alichosema daktari."

"Jumamosi si mbali."

Nikamwambia hao wenzake hawatajua. Akanitazama hivi, akasema, "Mimi nitajua. Nilimwita mwenzangu mlafi mbele za watu kwa jambo hilihili." Nikatoka, nikauma uzi kwa meno badala ya kutafuta mkasi.

Ijumaa, 12 Aprili

Kaka amefagia sebule mwenyewe. Ameibadilisha sindano. Ameniomba nifue kitambaa cha meza. Asubuhi alipojipima alikaa kwenye spika kuliko siku zote, aliponyanyuka akasema tu, "Bado."

Jumamosi, 13 Aprili

Mwalimu alikuja. Kinyozi alikuja. Mkunga alituma ujumbe kwamba kuna mama ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, wasimsubiri. Hakuna mtu wa kulaumiwa hapo.

Mwalimu akasema, "Basi Jumamosi ijayo, santuri haiozi." Wakalipitisha jalada mkono kwa mkono, wakasoma maandishi ya nyuma, wakaagana. Nilimtazama kaka akitikisa kichwa kukubali. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, kaka akaniangalia, nikaufunga.

Jumapili, 14 Aprili

Mtoto wa jana amezaliwa salama. Namshukuru Mungu, na bado nina hasira.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nilimpandishia sauti, na najua jinsi inavyochekesha kumpandishia sauti mtu wa namna yake, lakini hakuna aliyecheka.

Alikuwa amejipima asubuhi. Akasema Bibi sasa ni kama mtu anayeongea chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, anazisikia sauti za chini tu. Nikaenda kabatini nikaichukua ile mpya, nikaanza kuitoa kwenye jalada. Akanishika kiganja. Hakunibana, alinishika tu.

Nikamwambia, "Umengoja maisha yako yote kwa ajili ya kitu hiki! Watu wazima wanne mnafungwa na sheria ya kitoto! Unataka kuisikia au hutaki?"

Akaniketisha. Akasema anaogopa. Kaka yangu, aliyebeba jeneza la mume wangu bila kuyumba, akaniambia anaogopa. Akasema kusikiliza peke yake hajawahi kukuita kusikiliza. Mwalimu asipokuwapo kumwambia amekosea, hajui kama amesikia. Mkunga asiposhusha pumzi pale pa kushusha pumzi, hapo pa kushusha pumzi hapapo. "Nikiisikiliza peke yangu leo, nitakuwa nimeshaanza ule upweke. Niache nifike Jumamosi, mdogo wangu."

Nikairudisha kabatini. Nilitaka kumwambia Jumamosi haina ahadi na mtu. Nikarudi kwenye cherehani.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwalimu hakuja. Kafiwa na shemeji yake, ameondoka jana kwenda mazikoni, na mvua imekata barabara nyuma yake. Kinyozi ndiye aliyeleta habari, kalowa chapachapa. Mkunga alikuwapo. Kaka akasema, "Tumpe pole akirudi. Jumamosi ijayo basi."

Nilimsindikiza Kinyozi getini. Akaniuliza, "Dada, mbona kama una jambo?" Nikasema sina. Alikwenda, akageuka mara moja kunitazama, nami bado nimesimama kwenye matope. Lingekuwa neno moja tu. Kiapo nilikitunza vizuri, na laiti ningekitunza vibaya.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Amejipima. Amesema, "Nadhani yupo."

Jumatano, 24 Aprili

Kaka ametoka chumbani asubuhi, kajinyoosha, akaniuliza mvua imekatika saa ngapi.

Ilikuwa inamwagika. Nilimwonyesha dirisha.

Alhamisi, 25 Aprili

Sasa namwandikia kwa chaki yangu ya kushonea juu ya kipande cha kitambaa cheusi cha sare. Nafuta kwa kiganja, naandika tena. Nimemwandikia: Niwaambie? Akatikisa kichwa kukataa. Nikaandika: Niwazuie wasije? Akakitwaa kile kitambaa akakifuta mwenyewe. "Waje," akasema, kwa sauti ambayo jirani aliisikia. "Nimeahidi Jumamosi."

Jumamosi, 27 Aprili

Leo haikunyesha. Tangu mwezi wa tatu ndiyo Jumamosi ya kwanza bati letu limekaa kimya. Hata jirani alikuwa ametoka na mtoto. Ungeweza kusikia uzi ukipita kwenye tundu la sindano.

Wote walikuja. Mwalimu karudi na ndevu za msiba, nguo hazijapigwa pasi. Tulimpa pole. Kaka alimkumbatia, nikaona Mwalimu ameguswa, kwa kuwa si kawaida yao. Mkunga akanisalimia, "Wifi, leo ndiyo harusi!" Alisema kwa sauti, akamtupia kaka jicho, akingoja ajifanye hasikii. Kaka alikuwa anafuta sahani kwa kitambaa laini, kwa mduara, hana habari.

Kwanza wakaiweka ya ujana, ili wawe nayo masikioni. Kaka akaongoza kwa mkono. Mkono na selo vilikwenda pamoja hatua kwa hatua, maana hiyo anayo ndani, hata akizikwa itaendelea humo. Ilipokwisha akaiona sindano imefika mwisho, akaiinua.

Kisha akaitoa ile mpya. Akaipuliza. Akaishusha sindano mwenyewe, akarudi kitini, akafumba macho.

Sijui niandikeje. Mimi si mtu wa santuri. Bibi wa leo haendi. Yule binti wa santuri ya ujana alikuwa anatembea na wewe, huyu anakaa chini kila baada ya hatua chache, anatazama alikotoka. Sauti yenyewe ina mkwaruzo, kama mtu aliyelia jana. Mkunga akaweka mkono kifuani tangu mwanzo. Mwalimu akainama mbele, viwiko magotini, macho sakafuni. Na katikati kuna mahali anaacha kabisa. Ananyamaza. Nilidhani santuri imeharibika. Halafu anarudi, chinichini, na ukajua hakuwa amesahau, alikuwa hataki.

Nikamtazama kaka. Mkono wake ulikuwa umeshapita hapo. Ulikuwa unakwenda na binti. Ulipanda wakati Bibi anashuka, vidole vikatetemeka wakati selo imetulia tuli. Uso wake ulikuwa na raha. Kinyozi ndiye aliyeona wa kwanza baada yangu, akanigeukia, mdomo wazi, nikaangalia pembeni. Mkono ukachora ule mstari wa mwisho ambao huuchora siku zote, mrefu, ukatua gotini.

Kaka akafumbua macho akasema kwa sauti kubwa, "Ni yuleyule! Miaka yote ile, na hajabadilika hata chembe."

Selo ilikuwa bado inalia.

Mkunga akauziba mdomo kwa mtandio. Kaka akamgeukia Mwalimu, maana hapo ndipo Mwalimu husimama na kusema hapana. Siku zote husimama. Mwalimu akamtazama, macho yamemjaa maji, akatikisa kichwa juu na chini taratibu ili kaka aone vizuri. Akasema, "Kweli, Jaji. Leo sina ubishi."

Naamini Mwalimu angeweza kumdanganya kaka kwa jibu lolote jingine. Lakini tangu wafahamiane Mwalimu hajawahi kukubaliana naye, hata juu ya saa ni ngapi. Niliiona furaha ikimwisha kaka usoni. Alimtazama Mwalimu, akamtazama Mkunga na mtandio wake, kisha akaigeukia gramafoni. Mkono wa sindano ulikuwa bado unatembea, na mbele yake umebaki upana wa vidole viwili wa mistari ambayo haijapigwa.

"Kumbe bado anapiga," akasema, safari hii kwa sauti ndogo, nadhani alitaka kuisema moyoni.

Akakaa akaitazama sindano mpaka ikafika. Tulikaa naye. Ilipokwisha aliinuka, akainyanyua, akairudisha sahani kwenye jalada akihakikisha haikwaruzwi na ukingo, akaingia chumbani na kufunga mlango bila kishindo.

Nje nikawaeleza yote, na Mwalimu akanishika mkono. "Ningerudi kwa miguu," akasema. "Ningeacha maiti nirudi kwa miguu. Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia nilikula kiapo. Akasema ile sheria yeye alishaifuta moyoni siku ileile waliporudiana, akainyamazia tu kwa sababu Jaji aliipenda. Halafu akaketi kwenye ngazi zetu akalia bila kujificha, mzee mzima na ndevu zake za msiba, nami nikaketi kando yake. Huyu ndiye niliyemwita kokoto. Kinyozi na Mkunga walisimama getini, hawajui waende au warudi.

Jumapili, 28 Aprili

Hakutoka chumbani mpaka adhuhuri. Mvua imerudi, kidogo.

Jumatatu, 29 Aprili

Walipita wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna aliyeleta matunda. Mwalimu aliandika kwa chaki kwenye kitambaa changu: Uamuzi wako wa juzi ulikuwa wa ovyo. Nakata rufaa. Kaka alisoma, midomo ikamchezacheza. Haikuwa kicheko. Mwalimu akasubiri ajibiwe, na kaka akamshukuru kwa kuja kumwona, kama anavyoshukuru mgonjwa.

Jumanne, 30 Aprili

Asubuhi kaka hakujipima. Alikaa na jalada la Bibi mapajani, picha juu. Akaniuliza, "Alibadilika?"

Nikachukua chaki. Nikaandika: Ndiyo. Akauliza vipi. Niliandika polepole, nikafuta. Nikaandika amezeeka, nikafuta. Niliandika mengine na mengine, kitambaa kikawa cheupe kwa vumbi la chaki na nguo yangu pia, na yote niliyoandika yalikuwa maneno tu. Miaka yote nimewabebea chai, sikujifunza hata neno lao moja la kumwambia mtu kitu alichosikia.

Nikaiweka sahani. Jumanne, na hakuna mtu aliyekuwapo ila sisi wawili. Kaka akainua kidole kunikataza, kisha akakishusha.

Nikaishusha sindano, nikavuta kigoda mbele yake, nikaushika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili. Bibi alipoanza nikaanza naye. Mkono wake ulitaka kutangulia, ulikuwa unavuta kama mtoto anayeijua njia. Nikauzuia. Nikaupeleka pole, pole zaidi ya hapo, nikausimamisha kila aliposimama. Nikausikia unakaidi, halafu unalegea, halafu ukaniachia uzito wake wote. Alikuwa ananitazama usoni, hakufumba macho.

Tulifika pale katikati. Nikausimamisha mkono wake hewani.

"Imekwisha?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Anafanya nini?"

Sikuwa na mkono wa kuandikia. Nikamtamkia kwa midomo, wazi, bila haraka: amenyamaza.

Akaelewa. "Muda mrefu?"

Nikautuliza mkono wake palepale juu usiteremke, mabega yakaanza kuniuma, nikaendelea kuushika hivyo mpaka selo iliporudi.